Mkate Wenye Tundu

Tanuri la bekari alipofanya kazi mjukuu wangu lilikuwa na moto wa peke yake. Sisemi uongo, na nikisema basi ni wa kuonja tu: paka aliyepita juu ya bati la bekari ile alishukia upande wa pili hana manyoya, na kuku wa jirani aliyezoea kulala nyuma ya ukuta alitaga mayai yaliyokwisha chemka. Mjukuu wangu alisimama mbele ya moto huo tangu ndevu zake zikiwa za kutafuta kwa kioo. Anafungua mlango wa chuma, anasukuma koleo lake refu la mbao, anageuza mikate, anafunga. Fungua, sukuma, geuza, funga. Fulana ikiloa jasho anaikamua kama nguo ya kufua, anaivaa tena. Watu walimwita Tanuri, naye aliitika.

Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na sindano alizichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, ukimkumbatia lazima utoke na damu. Alikuwa mpole wa sura, lakini ulimi alijaliwa. Walipendana wale mpaka wakawa kero kwa majirani. Ila chumba cha pili cha nyumba yao, kile walichokipaka rangi ya maziwa mwezi waliooana, kilikuwa bado kinalala magunia ya unga. Miaka ilipita, magunia yakaingia, magunia yakatoka, mtoto hakuna.

Hapo ndipo alipoingia binti yangu. Binti yangu huyo ndiye mama mzazi wa Tanuri. Nilimzaa mimi mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema ameokotwa, ingawa kuna siku nilitamani.

"Mama," akaniambia, "wenzangu wote wana wajukuu. Mimi nabembeleza magunia."

"Magunia hayalii. Shukuru."

"Usinitanie. Yule mwanamke tumbo lake ni la pambo. Jumamosi mchana nimeita kikao. Kaka yangu atakuja. Tutamrudisha kwao kwa heshima, na mwanangu ataoa anayezaa."

Kaka yake, naye nilimzaa mimi, yaani mjomba wa Tanuri, ni dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa. Akikusalimia unadhani umegongwa. Nikajua safari hii binti yangu hatanii.

Basi yule mke mwenyewe alikuwa ameshakwenda hospitali zamani, kimyakimya, akapimwa kila kinachopimika. Daktari akamwambia, kwako sioni tatizo, sasa mlete mume. Akamleta? Alimwomba mpaka midomo ikakauka. Tanuri alikuwa na jibu moja tu.

"Nikapimwe nini? Kwani usiku hunioni?"

"Nakuona. Lakini mimi siulizi habari za usiku, nauliza habari za miezi tisa."

"Mimi mwanaume kamili."

"Hakuna aliyesema wewe ni robo. Nenda ukapime."

Hakwenda. Habari za kikao zilipomfikia, siku ya Jumatatu, yule mke aliteremsha begi kutoka juu ya kabati. Hakupaki kitu. Aliliweka mlangoni mwa chumba cha kulala, mdomo wazi, mume akiingia alione, akitoka alione. Akamwambia, "Kapime kabla ya Jumamosi. Usipopima, sitamsubiri mama yako anifukuze. Nitajifukuza mwenyewe." Na tangu begi lishuke akawa analala kaupa uso ukuta.

Tanuri akajikaza. Alhamisi asubuhi, mvua ya baridi inanyesha, akaenda hospitali bila kumwambia mtu. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, mtaratibu, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Akamuuliza yanayoulizwa, akampa kichupa chenye kifuniko. Kwa kuwa nyumbani ni karibu, akamruhusu akatoe mbegu za kupimwa huko. Akamweleza: usitumie mafuta, usitumie sabuni, funga vizuri, kisipate baridi, kiwe na joto la mwili, ukilete kabla saa moja haijaisha. Mjukuu wangu akaitikia kila neno. Mkewe alikuwa dukani kununua uzi. Akafanya alichoagizwa, akapitia bekari mara moja, kisha akarudisha kichupa mbio mbio.

Ijumaa akafuata jibu. Akaambiwa katika kile kichupa hakuna hata mbegu moja iliyo hai. Zote zilikuwa zimekufa.

Daktari alikuwa bado anafungua mdomo kuendelea, mwenzenu ameshatoka. Hakuuliza swali. Alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kizingitini, mgongo kwa mlango. Kwa utani wetu mimi na yeye ni mke na mume, maana mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Hakuna kisichosemeka kati yetu.

"Mume wangu," nikamwambia, "nani amekufa?"

"Zimekufa zote, Bibi."

"Kuku?"

"Mbegu zangu."

Nikatafuta mzaha wa kumtupia, sikuupata, na mimi si mtu wa kukosa mzaha. Akanieleza yote niliyowaeleza ninyi, uso kautazamisha chini. Halafu akasema, "Kesho kwenye kikao nitanyamaza. Mama atasema yake, mjomba atapiga kelele zake, mke wangu ataondoka. Atampata mtu wa kumpa mtoto. Ni bora kwake."

"Na jina?"

"Jina gani?"

"La tasa. Anaondoka nalo? Analipaki begini pamoja na magauni?"

Akaanza kukwangua unga uliokauka kwenye kucha zake.

"Unampenda, kwa hiyo unamwachia mzigo wako abebe yeye," nikasema. "Mapenzi ya namna hiyo hata mimi mume wangu wa kwanza hakunipa, na yule alikuwa mwizi."

"Bibi, nitamwambiaje mama? Nitapitaje mtaani? Watu wananunua mkate kwa mwanaume."

"Watu wananunua mkate kwa sababu wana njaa. Kesho asubuhi, kabla ya kikao, unanipeleka kwa huyo daktari. Hukumuuliza hata swali moja. Nitamuuliza mimi."

Sikulala vizuri. Nilijua kabisa binti yangu akishafungua kikao, hakuna wa kukifunga. Na yule mke alikuwa na hasira za kimya, zile ambazo mtu akishavuka mlango harudi hata kuchukua sufuria.

Jumamosi tukatoka mapema. Tanuri alitembea kama anayepelekwa kunyongwa, mimi nyuma yake na fimbo yangu. Getini pa hospitali kulikuwa na askari mzee, kofia yake imemzidi kichwa, akigeuza shingo kofia inabaki inatazama mbele. Alipomwona mjukuu wangu akatabasamu mpaka magego.

"Fundi mkate! Leo mikono mitupu?"

"Leo sina," Tanuri akasema, akataka kupita.

"Bibi, huyu kijana ana moyo," askari akaniambia. "Juzi kwenye mvua ile alinipa mkate mzima. Wa moto! Mvuke unatoka, niliung'ata nikaungua ulimi. Ila mikate yenu siku hizi ina kasoro. Ule ulikuwa na tundu katikati."

"Tundu?" nikauliza.

"Tundu kubwa, kama panya alipanga chumba humo akahama."

Nikamgeukia mjukuu wangu. Alikuwa amebadilika rangi, amekuwa kama unga uliosahauliwa kutiwa chumvi. Nikamvuta pembeni kwa shati.

"Mume wangu. Ndani ya mkate ule kulikuwa na nini?"

"Kichupa."

"Kichupa kipi?"

"Bibi, kwani mimi nina vichupa vingapi?"

"Kichupa cha nini?" askari akadakia kutoka kwenye kiti chake. Uzee haukugusa masikio yake.

"Cha dawa ya macho," nikamjibu. "Tulia, baba, hakikuvuja."

Tanuri akanieleza kwa kunong'ona. Mvua ilikuwa ya baridi. Daktari alisema kisipate baridi, kiwe na joto. Sasa mwokaji ukimwambia joto, unadhani akili yake itakimbilia wapi, kwapani? Akapita bekari, akatoa mkate tanurini wakati huo huo, akaupasua tumbo, akachomoa nyama yake, akakisokomeza kichupa humo, akaufunga na kipande cha gunia, akaukumbatia mpaka hospitali. Mlangoni aibu ikamshika, akakitoa kichupa, mkate akampa askari.

"Nilitaka ziwe na nguvu," akasema. "Hata hamira, Bibi, ukiiweka kwenye baridi inalala."

"Na ukiitia kwenye mkate unaotoka tanurini?"

"Inakufa," akajibu. Akanitazama. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemrudia usoni.

Tukaingia kwa daktari. Nilimsimulia mimi, maana mwenzangu ulimi ulikuwa umegoma. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mabega yalimcheza kidogo. Lakini hakucheka, na kwa hilo nilimpa heshima.

"Kipimo kile nakifuta," akasema. "Umeniletea zilizopikwa."

"Kwa hiyo ni nzima!" Tanuri akaruka.

"Sijasema nzima. Nimesema sijui. Na hata kisingepikwa, kipimo kimoja hakitoshi, huwa tunarudia. Ungekaa jana dakika mbili ningekwambia."

"Basi tupime sasa hivi, tuna kikao mchana."

"Maabara leo imefungwa. Jumatatu."

Nikasogeza kiti. "Mwanangu daktari, wewe ni mwanamke mwenzangu. Sema tu ni nzima, mpaka Jumatatu. Jumatatu tutarekebisha."

"Bibi, siwezi."

"Hata robo nzima?"

"Hata robo."

Tanuri alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na mimi namjua binti yangu, huwa anafika kwenye kikao kabla ya viti. Lakini mjukuu wangu hakuinuka. Akakohoa.

"Daktari, nina rafiki yangu. Ana maswali."

"Rafiki yako anafanya kazi gani?"

"Anaoka mikate."

"Haya. Anauliza nini?"

"Anauliza, mtu kama ana nguvu, yaani kitandani hana shida kabisa, inakuwaje mbegu ziwe na shida?"

"Mwambie rafiki yako hivyo ni vitu viwili. Mwanaume anaweza kuwa simba kitandani na mbegu zake zikawa chache, au zikawa hazitembei. Hilo halionekani kwa macho wala mwenyewe halihisi. Ndiyo maana tunapima. Na wanandoa wakikosa mtoto, tatizo linaweza kuwa kwa mke, au kwa mume, au kwa wote wawili. Tunapima wote."

"Na kazi yake? Moto?"

"Korodani zimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi kidogo. Rafiki yako anazisimamisha mbele ya tanuri kutwa, na suruali yenyewe, kwa ninavyoiona hapa, inambana. Sisemi ndiyo sababu. Nasema inaweza kupunguza mbegu. Anavuta sigara?"

"Rafiki yangu? Chache."

"Pakiti," nikasema.

"Aache. Anakunywa dawa yoyote?"

Tanuri akanitazama mimi. "Kuna unga wa nguvu, ule wa yule bwana wa kipaza sauti sokoni."

"Auache leo. Mimi sijui kuna nini ndani yake, na muuzaji naye hajui. Na usitegemee mabadiliko ya kesho. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kutengenezwa mpaka kukomaa. Akibadilika leo, tutaona baadaye. Jumatatu niletee kichupa kingine. Kiweke ndani ya shati, ngozi kwa ngozi. Usikioke."

Njiani kurudi Tanuri alikuwa anatembea haraka, halafu taratibu, halafu haraka. "Bibi, tuwaombe wasubiri mpaka Jumatatu. Nikipata jibu zuri, sitahitaji kusema lolote."

"Na ukipata baya?"

Akaongeza mwendo.

"Waombe mwenyewe," nikasema. "Mimi leo nimeshaomba kwa daktari, nimekataliwa. Zamu yako."

Tulipoingia, kikao kilikuwa kimeshakaa. Chumba cha mbele kilikuwa kidogo kwa hasira zilizokuwemo. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, kitu nisichowahi kukiona mchana. Binti yangu kwenye kiti cha mikono, kaka yake pembeni, magoti yamefika katikati ya chumba. Mke wa Tanuri amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Miguuni pake lile begi, sasa limefungwa zipu, limejaa. Nikatazama ukosi wa gauni lake. Sindano zote alikuwa amezitoa.

Binti yangu akaanza. Akasema hana ugomvi na mtu. Akasema mkwe wake ni mtu mwema, anashona vizuri, anapika vizuri, anaheshimu. Alisifu mpaka nikajua kisu kiko karibu. "Lakini nyumba ni watoto," akamaliza. "Na mti usiozaa tumeusubiri vya kutosha."

"Tumesubiri!" akanguruma mjomba, vikombe vikatetema kabatini. "Mama mkwe wako amesema. Wewe una neno?"

Yule mke akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimeshapaki, Mjomba. Mwenye neno ni yule anayetazama viatu vyake."

Wote tukamtazama Tanuri. Tanuri akatazama viatu vyake.

Jamani, nimeona mengi. Nimeona mamba akimsindikiza mtu ng'ambo ya mto kwa adabu. Lakini kimya kile sitaki kukiona tena. Mke akangoja. Akamngoja kwa muda wa mtu kuvuta pumzi nzito, kisha akasimama, akashika mkono wa begi. Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka, mwanga wa nje ukaingia mpaka miguuni pa mumewe. Nikainua fimbo nimchome ubavuni, lakini haikumfikia. Alikuwa ameshasimama.

"Weka begi chini."

"Mwache aende, mwanangu," mama yake akasema. "Umeshavumilia."

"Mama, nilipimwa."

Mjomba akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza maishani.

"Nilipimwa Alhamisi. Jana nikaambiwa mbegu zangu zote zimekufa. Leo Bibi kaniburuta kwa daktari, kumbe kipimo chenyewe nilikiharibu, nitarudia Jumatatu, na sijui nitaambiwa nini. Lakini mke wangu alipimwa zamani akaambiwa hana tatizo. Nilijua, nikanyamaza, mkamwita tasa mbele yangu. Mkitaka mtu atoke hapa leo, nipeni mimi hilo begi."

"Uongo," mama yake akasema, lakini sauti ilikuwa imekatika. "Ukoo wetu hauna..."

"Ukoo wetu haujawahi kupimwa, mwanangu," nikamwambia.

Mjomba akauliza, taratibu kabisa, "Ulikiharibu vipi?"

Basi akasema. Akaupasua ule mkate mbele yao, akakitia kichupa, akatembea nao kwenye mvua, akampa askari. Binti yangu, macho yamemtoka, akauliza:

"Na huo mkate mtu akaula?"

Mjomba akaanza kutikisika. Kicheko kilimtoka kama lori linavyokataa kuwaka, mara moja, mara mbili, halafu kikashika. Nami nikaangua. Hata mama mwenye kikao alijifunika uso kwa mtandio, na mpaka leo anadai alikuwa analia.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Yule mke alikuwa bado mlangoni, begi mkononi.

"Ulijua jibu jana," akamwambia mumewe. "Kama Bibi asingekuburuta, ungeniacha nifike mpaka stendi?"

Kicheko kikafa chumbani. Nikamwomba Mungu mjukuu wangu adanganye.

"Ningekuacha," akasema. "Niliogopa."

Yule mke akamtazama sana. Kisha akaliweka begi chini, ndani ya mlango, si nje. Hakulifungua. "Jumatatu twende wote," akasema. "Kichupa nitabeba mimi."

Jumatatu akakibeba mwenyewe, ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi, mkono juu yake kama anayezuia moyo usidondoke. Nilikwenda nao, mtu wa umri wangu hakosi jambo kama hilo. Getini askari akainua kofia.

"Leo hakuna mkate?"

"Leo hakuna, baba," yule mke akamjibu. "Na ukipewa na huyu, kwanza utazame ndani."

Jibu lilikuwa hivi: zipo, ziko hai, lakini ni chache, na nyingi zinatembea kama watu waliotumwa wasikotaka kwenda. Daktari akasema bado wana nafasi, apunguze moto, aache sigara, warudi baada ya miezi mitatu wapimwe tena. Hakuahidi kitu. Tanuri hakumwomba aahidi.

Jioni ile nilikuwepo yule mke alipofungua zipu. Alitoa magauni moja moja, akayatundika. Chini kabisa ya begi kulikuwa na kitambaa kizuri cha kijivu alichokuwa amejiwekea. Akakitandika mezani, akamwita mumewe, akampima kiuno na mapaja, akachukua mkasi. Alimshonea suruali pana kiasi kwamba upepo ukivuma Tanuri anafika kazini kabla hajaamua kwenda. Bekarini amebadilishana na mwenzake: nusu ya siku yeye anakanda chumba cha nyuma, mwenzake anasimama motoni. Na mama yake? Alifika wiki hiyo hiyo na feni mkononi, hakusema pole wala samahani, akaichomeka pale anapokandia mwanawe, akainama, akaielekeza mwenyewe mahali alipotaka upepo upige.

Chumba cha rangi ya maziwa bado kinalala magunia. Begi limerudi juu ya kabati. Na zile sindano, nilipomkumbatia yule mke kumuaga, zilinichoma zote.